Puma White Hunter ya zamani: namba itakwambia mwaka kabla ya muuzaji

Karibuni. Mezani leo kuna Puma White Hunter, kisu cha kuwindia kisichokunjwa, kazi ya Solingen, Ujerumani. Kilitoka 1956, na kiwanda kilikiandaa kwa kushirikiana na chama cha wawindaji wa kulipwa wa Afrika Mashariki, kile kilichoanzishwa Nairobi 1934. Ndiyo maana wauzaji hupenda kukisindikiza na hadithi: "Hiki kilikuwa cha mwindaji wa Kenya." Hadithi iache kwanza, tafuta namba.

Nakisogeza kwenye kamera. Hapa kwenye kinga, kile kipande cha chuma kinachozuia vidole visiteleze kwenye makali, kuna tarakimu tano. Puma walianza kuzigonga 1964. Tunazohitaji ni mbili za mwanzo tu. Ya kwanza ni robo ya mwaka, ya pili ni tarakimu ya mwisho ya mwaka wenyewe. Namba ikianza na 37, hiyo ni robo ya tatu ya 1967. Ikianza na 12, ni robo ya kwanza ya 1972. Mtindo huo ulikwenda mpaka 1973.

Kuanzia 1974 miaka ingegongana, maana 34 ilishatumika 1964. Kwa hiyo robo zikabadilishwa kuwa 5, 6, 7 na 8. Ukiona tarakimu ya kwanza ni 5 hadi 8, toa 4 upate robo: 74 ni robo ya tatu ya 1974, 61 ni robo ya pili ya 1981. Hesabu hii inaishia 1983, usiivute kwenye visu vya baada ya hapo.

Sasa kosa linalowapata wengi. Kisu hiki kina namba nyingine, 6377. Hiyo ni namba ya modeli. Mtu anaiona, anasoma 63, anatangaza kisu ni cha 1983. Hesabu tarakimu kwanza: nne ni modeli, tano ndiyo tarehe.

Namba ikiwa hafifu, usiguse msasa. Zima taa ya juu, leta tochi kwa ubavu ili mwanga ulale juu ya chuma. Isipotosha, paka chaki nyeupe, futa kwa kidole. Inabaki ndani ya mikwaruzo ya namba. Na kama hakuna kabisa? Ama kisu ni cha kabla ya 1964, ama kimesuguliwa kwa mashine. Angalia kona za kinga na herufi zilizo kwenye bapa. Kona zikiwa za duara kama sabuni iliyotumika, na herufi zina kina upande mmoja kuliko mwingine, mashine imepita hapo. Usilipie bei ya "kabla ya 1964" kwa kisu kilichofutwa namba.

Turudi kwenye ile hadithi ya mwindaji. Kenya ilipiga marufuku uwindaji 1977, na chama chenyewe kikavunjwa mwaka huohuo. Ukiambiwa kisu kilifanya safari za uwindaji Kenya, halafu kinga inaanza na 62, hiyo ni robo ya pili ya 1982. Hakuna ubishi hapo. Namba ya 1968 nayo haithibitishi safari yoyote, inasema tu kwamba ingewezekana.

Kwenye bapa kuna kidoa cha duara, kidogo sana. Wengine wanadhani ni kasoro. Ni alama ya kipimo cha ugumu cha Rockwell: ncha ya almasi ilikandamizwa pale kiwandani. Kisu kikiwa nayo ni vizuri, usijaribu kuiondoa.

Mpini ni pembe ya sambari, kulungu wa India. Pembe halisi haina pande mbili zinazofanana. Mifereji yake inakwenda inavyotaka, na kwenye miisho utaona vitundu kama vya sifongo. Plastiki hurudia mchoro na huwa na mstari wa kalibu. Usichome kwa sindano ya moto, unaacha shimo la kudumu. Pembe pia husinyaa, hivyo kwenye kisu cha miaka hamsini ni kawaida msuka, chuma kinachoingia kwenye mpini, kujitokeza kidogo kuliko mpini. Vikiwa sawa kabisa na laini, uliza kama mpini umepigwa msasa.

Kipimo cha mwisho ni bapa. Jipya lina takriban sentimita 15 na tumbo pana linalopinda kwenda kwenye ncha. Kinoo cha umeme hula tumbo hilo kwanza. Weka picha ya kisu kisichonolewa pembeni, linganisha mkunjo. Mimi ningechukua chenye madoa meusi ya kutu lakini bapa kamili, kuliko kinachong'aa huku tumbo limeisha, maana chuma kilicholiwa hakirudi.

Ukishanunua, usikihifadhi ndani ya ala. Dawa zilizotumika kutengeneza ngozi ya ala na unyevu, hasa huku pwani, vinakula chuma taratibu. Kipake mafuta mepesi ya mashine, kifunge kwa kitambaa cha pamba, ala iweke kando yake.