Fundi wa kuziba matundu ya ukuta: nyota tatu, hapana, subirini kwanza

Naanza na sauti. Gonga ukuta kwa kifundo cha kidole: lipu nzima inajibu "ko". Kiraka changu kinajibu "bo", kama debe tupu. Kiko nyuma ya sinki la jikoni, ukubwa wa sahani, pale fundi bomba alipobomoa kufuata bomba lililokuwa linavuja. Hela imeshalipwa, na kingo zimeshaanza kuachia: ufa mwembamba umezunguka duara lote, utadhani umechorwa kwa penseli.

Kosa lilianzia kwenye karai. Tundu lilikuwa na kina cha sentimita 4 hivi, limefika hadi kwenye tofali. Fundi kakoroga unga wa jipsamu, kalijaza lote kwa mkupuo mmoja. Jikoni! Nyuma ya sinki! Jipsamu ni ya pakavu. Ikinywa maji inalainika mpaka unaichimba kwa kucha. Tena ilipoanza kukaza kwenye karai akaiongezea maji, akaikoroga upya. Jipsamu ikishaanza kushika, maji hayaifufui, yanaimaliza kabisa. Inabaki kama chaki iliyogandamana. Hukorogwa kidogo kidogo, kiasi cha kumaliza kwa dakika 10, na karai huoshwa kabla ya kukoroga nyingine.

Nikamuuliza kwa upole, "Fundi, hapa si pa saruji?" Jibu: "Bosi, kama unajua si ungeziba mwenyewe." Kiraka ningekisamehe. Jibu hilo sijalimeza mpaka leo.

Maana kazi yenyewe haina uchawi. Kwa tindo na nyundo unaondoa lipu yote iliyolegea mpaka ufike inapolia "ko". Kingo unazichonga ili tundu liwe pana zaidi ndani kuliko mdomoni, kiraka kipate pa kujikaba. Vumbi unalitoa lote kwa brashi. Halafu maji: tofali linywe lishibe, ila yasiwe yanatiririka unapoanza kupaka. Hapa ndipo wengi wanapoharibu, kwa sababu tofali kavu hufyonza maji ya mchanganyiko kabla haujashika, na kiraka kinabaki kimelala tu juu ya ukuta bila kuungana nao. Saruji kopo 1, mchanga uliochekechwa makopo 4 au 5. Kuzidisha saruji hakuongezi uimara, kunaongeza nyufa. Sentimita 4 ni tabaka tatu, si moja: la kwanza likianza kukaza unalichana mistari kwa msumari, unaliacha mpaka kesho, ndipo linakuja la pili. La mwisho unalikata kwa ubao ulionyooka, ncha zake zikiegemea lipu ya zamani huku na huku, unauvuta huku ukiuchezesha kama msumeno, kisha sponji yenye unyevu. Baada ya hapo unanyunyizia maji asubuhi na jioni, siku 3 au 4 au zaidi. Rangi isiwe na haraka. Ya mafuta hasa ingoje kama mwezi, la sivyo itabambuka. Huyu alipaka jioni ile ile.

Lakini haki nayo isemwe. Matundu ya misumari na fisha (vile vibomba vya plastiki vya kushikia skrubu ukutani) sebuleni kayaziba mpaka mimi mwenyewe nayatafuta siyaoni. Midomo kaipanua kwa ncha ya kisu, puti kaisukuma hadi ndani, kaacha kinundu kidogo kwa kuwa puti hunywea ikikauka, na kesho yake kapiga msasa namba 120, akamalizia na 220. Mkono mwepesi, kazi ya mtu aliyetulia. Hadi hapo nilikuwa naandika nyota tatu, na nilishaanza kujiona nina roho mbaya. Pengine jikoni alikuwa na haraka tu.

Nikaenda kuosha vikombe. Kipande kama kiganja kikadondoka, pwaa, ndani ya sinki. Nikakigeuza: mgongo wote umejaa vumbi la tindo, kama andazi lililoviringishwa kwenye unga. Kumbe hata brashi hakupitisha! Sekunde 20 za brashi!

Nyota moja, nayo ni ya sebuleni. Mwenye matundu ya misumari tu amwite, hatajuta. Ila akimwona anaelekea jikoni na lile karai, afunge mlango.