Orangerie, Paris: nenda ukaone miti iliyo ndani ya maji

Bwawa alilolichora Mfaransa Claude Monet nililijua kwanza kwa nakala ya karatasi niliyoagiza mtandaoni. Ilikuja buluu tupu, nikaitundika sebuleni hivyo hivyo. Mwezi uliopita nimeiona kazi yenyewe kwenye makumbusho ya Orangerie, Paris, na ile nakala nimekwisha kuishusha.

Michoro ni minane, imegawanywa katika vyumba viwili vya umbo la yai. Kila mmoja una kimo cha karibu mita 2 na unafuata mzingo wa ukuta, kwa hiyo ukikaa katikati umezungukwa na maji ya Giverny, kijiji alikokuwa na bustani na bwawa lake. Wageni wengi niliowaona walipiga picha chumba cha kwanza wakaondoka. Tafadhali ingieni cha pili. Huko ndiko uliko mchoro "Reflets d'arbres" (taswira za miti majini), wenye giza kuliko yote: buluu iliyokolea, zambarau, kijani kinachokaribia weusi. Mti wenyewe huuoni. Unaona kivuli cha shina lake majini, na mayungiyungi machache yakielea juu yake. Nilisogea karibu, vyote vikapotea, ikabaki mikwaruzo ya brashi, rangi nene juu ya rangi iliyokwisha kukauka. Nikarudi nyuma hatua kumi, maji yakawa maji tena.

Mwanga unatoka juu, ni wa mchana, kama Monet alivyotaka. Miaka ya 1960 palijengwa ghorofa iliyouziba. Ikaja kuondolewa, na makumbusho yakafunguliwa upya 2006. Siku yangu mawingu yalikuwa yakipita. Jua likifunikwa, shina lilizama gizani. Likitoka, zambarau ilipanda juu taratibu. Nilikaa zaidi ya saa nzima.

Nilimfikiria sana bibi yangu, mwenye mtoto wa jicho, anavyokinga uso kwa mkono akitazama nani yuko mlangoni. Monet naye alikuwa na ugonjwa huo, akapasuliwa jicho la kulia 1923, akaendelea kuirekebisha michoro hii. Alifariki Desemba 1926. Vyumba vilifunguliwa Mei 1927, hakuviona.

Jumanne hufungwa. Kata tiketi mapema mtandaoni, uende asubuhi, na benchi ukilipata usiliachie haraka. Kukiwa na mawingu, usiahirishe.