Alumini au chuma? Fremu zangu mbili kwenye milima ya Lushoto

Mdogo wangu aliyeko Tanga mjini alinipigia simu juzi: "Kaka, nimepata hela ya baiskeli ya mlimani. Nichukue ya alumini au ya chuma?" Nikamjibu papo hapo, na baada ya kukata simu nikacheka peke yangu, maana nilimshauri kinyume kabisa cha ninachopanda mwenyewe. Basi ngoja nieleze.

Mimi ni mwalimu, nakaa nje kidogo ya mji wa Lushoto, upande wa kwenda Irente. Baiskeli ndiyo inayonipeleka kazini, na Jumamosi ndiyo starehe yangu: napanda kuelekea Magamba, naingia njia za udongo za msituni, narudi na tope jekundu mpaka kwenye nyusi. Huku hakuna tambarare. Ukitoka mlangoni unapanda au unashuka, na mara moja kwa mwezi najitia wazimu wa kushuka kupitia Soni hadi Mombo ili nipate kupanda tena kilomita 33 za kurudi. Nimezitumia fremu za aina zote mbili kwenye njia hizohizo, na kwa muda mfupi nilikuwa nazo zote kwa pamoja.

Ya kwanza ilikuwa ya alumini. Niliinunua mwaka 2016 Dar, mtumba wa kwenye kontena, kwa shilingi 420,000. Ilikuwa na mabomba manene, breki za diski, shokapu mbele, na kwenye fremu kibandiko cha 6061. Namba hiyo ni ya aina ya alumini iliyochanganywa na magnesiamu na silikoni, na ndiyo utakayokutana nayo kwenye fremu nyingi sokoni. Niliipenda. Ukikanyaga pedali inaitika hapohapo, hakuna kulegalega. Kwa miaka mitatu fremu yenyewe haikunisumbua; kazi ilikuwa ya cheni, matairi na pedi za breki.

Kisha ikaanza kulia. Ke, ke, ke, kila nikikanyaga kwa nguvu mlimani. Fundi wangu akafungua krenki, akabadilisha beringi, akapaka grisi, nikalipa. Sauti ikabaki. Tukakaza pedali, tukakaza usukani, sauti ikabaki. Wiki mbili nzima nilikuwa natafuta ugonjwa kwenye miguu wakati uko mgongoni. Siku moja naiosha, nikafuta vumbi kwenye bomba la kiti, karibu na kile kikazio cha juu, nikaona unywele. Nikafuta tena. Unywele haukutoka. Ulikuwa ufa.

Na hapa lazima niseme ukweli, kwa sababu nimeshasikia wengi wakiilaumu alumini kwa makosa yao. Mimi ni mrefu, na fremu ile ilikuwa ya mtu mfupi. Nilichofanya ni kuinua kiti mpaka miguu ikanyooka vizuri. Nilipochomoa ile nguzo ya kiti nikakuta mstari wa mwisho, ule uliochorwa na kiwanda kuonyesha kwamba hapa usipite, ulikuwa juu ya fremu kwa sentimita tatu nzima. Maana yake uzito wangu wote ulikuwa unaipekecha shingo ya bomba kama mtu anayeng'oa kigingi. Chuma nacho kingelalamika, ila kingevumilia zaidi.

Nikaenda kwa fundi wa kuchomelea, mtu ninayemwamini, ametengeneza mageti ya nusu ya mji. Akaigonga kwa kidole, akatikisa kichwa.

"Mwalimu, hii siigusi."

"Kwa nini, fundi?"

"Chuma kikipata moto kinakuwa chekundu, unakiona kinakuja. Hii haikuambii kitu. Unaiangalia nyeupe vilevile, ghafla imedondoka chini."

Yuko sahihi kabisa. Alumini inayeyuka kwenye nyuzi 660 hivi, wakati chuma kinahitaji karibu 1,500. Halafu juu yake kuna ngozi nyembamba ya oksaidi ambayo yenyewe haiyeyuki mpaka nyuzi zaidi ya 2,000, kwa hiyo ndani panakuwa uji na nje bado pamesimama. Inahitaji mashine yake, gesi ya argoni na mkono uliozoea. Nikaipeleka Tanga kwenye karakana yenye vitu hivyo, nikalipa shilingi 30,000, na kazi ilitoka safi, mshono kama wa cherehani.

Ilidumu miezi minne. Ilikatika tena, na si kwenye mshono, bali pembeni yake. Nilikuja kuelewa baadaye kwamba fremu ya 6061 ikishaungwa kiwandani huingizwa yote kwenye tanuri, ikapashwa zaidi ya nyuzi 500, ikapozwa ghafla, kisha ikapikwa tena kwa moto mdogo kwa saa kadhaa. Nguvu yake inatoka hapo. Ukija kuichomelea sehemu moja, sehemu hiyo inarudi kuwa laini, na hakuna karakana ya mtaani yenye tanuri la kuingiza fremu nzima. Kwa hiyo fundi wa Tanga hakukosea kitu. Mimi ndiye niliyekuwa nanunua muda.

Bahati nzuri sikusubiri ikatike. Ndani ya miezi ile minne, kwa wasiwasi, nilinunua nyingine ya akiba: ya chuma, mtumba wa miaka ya 1990, shilingi 250,000. Rangi imebabuka, mabomba membamba ya kiungwana, na karibu na krenki kibandiko kilichochakaa kinachosema 4130. Hicho ndicho chuma cha kromoli, kilichotiwa kromiamu na molibdenamu. Baiskeli ya kwanza iliyoundwa makusudi kwa ajili ya milima, ile ya Joe Breeze kule Marin, Kalifornia, mwaka 1977, ilikuwa ya kromoli.

Tahadhari hapa. Sumaku itakuonyesha kama fremu ni ya chuma au alumini, basi. Haitakuambia kama ni kromoli au chuma cha kawaida kama cha Phoenix ya babu yangu kule Korogwe, ambayo inabeba magunia mawili ila ukiiinua unaomba msaada. Wauzaji wanajua hilo. Tafuta kibandiko, inua kwa mkono mmoja, na gonga bomba kwa kucha katikati: la kromoli nzuri lina ukuta mwembamba katikati na linalia kama kengele ndogo.

Sasa uzito, jambo ambalo watu wanabishana mpaka usiku. Nilizipeleka zote mbili sokoni, nikamwomba mama mmoja muuza viazi anitundikie kwenye mizani yake, watu wakakusanyika kuangalia mwalimu anayepima baiskeli. Ya alumini kilo 13 na nusu. Ya chuma kilo 14 na robo. Tofauti ni chupa moja ya maji! Na ya chuma haikuwa na shokapu, hivyo kwa haki fremu yenyewe ilizidi kidogo zaidi ya hapo. Kwenye mlima wa Soni sikuisikia tofauti hiyo. Nilisikia zaidi ugali wa jana.

Na ulaini? Wanasema chuma ni laini, alumini inakuchoma mgongo. Nami niliamini, maana wiki ya kwanza ile ya chuma ilinibembeleza kwelikweli. Kisha nikagundua ina matairi mapana zaidi. Zote zilikuwa za inchi 26, nikabadilishana matairi, upepo nikaujaza sawasawa, nikarudi njia ileile ya mawe. Sehemu kubwa ya ule ulaini ilihama pamoja na matairi. Uliobaki ni kidogo: kwenye mteremko mrefu vidole havikufa ganzi upesi na ile ya chuma, ingawa haina shokapu. Nadhani sababu ni mabomba. Kwa ujazo uleule alumini ina theluthi tu ya uzito wa chuma, na theluthi ya ukakamavu wake pia, kwa hiyo watengenezaji wanalipanua bomba ili lisijipinde, na bomba likipanuka kidogo ukakamavu unapanda sana. Anayetaka ulaini aanze na matairi kabla ya kubadilisha fremu.

Kinachonifanya nibaki na chuma ni jambo lingine, na nalijua kwa bei. Mwaka wa pili nilianguka karibu na Magamba, kile kisikio kinachoshika mkono wa gia wa nyuma kikapinda kuelekea spoku. Fundi alikinyoosha kwa spana, kikiwa baridi vilevile, nikaendelea na safari. Kwenye ile ya alumini kisikio ni kipande cha kufungwa kwa skrubu, kimewekwa makusudi kivunjike ili fremu ipone. Wazo zuri, ila kila kampuni ina umbo lake, na kilipovunjika changu nilikaa wiki tano natembea kwa miguu nikikisubiri. Baadaye bomba dogo la nyuma la ile ya chuma lilipata ufa pia. Ndiyo, chuma nacho hupasuka. Nikarudi kwa yuleyule fundi wa mageti. Akalisugua, akaliunga kwa gesi na shaba, akaniambia nikanywe chai. Shilingi 5,000. Mpaka leo halijasema neno.

Nisije nikaonekana muuza chuma. Kutu ni kazi ya kudumu. Kila masika yakiisha nachomoa nguzo ya kiti, naigeuza baiskeli miguu juu, na mwaka wa kwanza maji yaliyotoka yangetosha kunawa mikono. Sasa namimina oili ndani ya mabomba na kuizungusha fremu ienee. Nguzo ya kiti lazima ipakwe grisi, kwa sababu ni ya alumini ndani ya chuma, na metali hizo mbili zikikaa pamoja na unyevu zinang'ang'aniana kama zimeungwa. Halafu fremu ya zamani kama yangu haina pa kufungia breki za diski. Breki zake zinabana rimu, na tope la Lushoto linazila rimu hizo kama msasa, nimeshabadilisha ya nyuma mara mbili. Breki za ile ya alumini nazikumbuka kila mvua inaponyesha.

Zile mpya za dukani zenye springi katikati ya fremu na rangi za kung'aa, kwa bei ya kuvutia, mimi sizihesabu humu. Ni chuma kizito cha kawaida, na springi yenyewe inakunyonya nguvu mlimani.

Kwa hiyo mdogo wangu nimemwambia anunue alumini. Anakaa karibu na bahari, na upepo ule wa chumvi unamaliza chuma kuanzia ndani kabla hujaona doa nje. Njia zake ni za mchanga na lami, uzito wake kilo sitini, na akipata shida karakana yenye argoni iko mtaa wa pili. Mimi huku jirani yangu ni fundi wa mageti. Ameshainunua, size yake hasa, nilikwenda naye dukani nikaiona kwa macho yangu. Tulipofika nyumbani, kabla hajaipanda, nilichomoa nguzo ya kiti nikamwonyesha ule mstari wa mwisho. Akachukua rangi ya kucha ya mkewe, akaupaka juu yake mwekundu.