Vifaranga Sita vya Diskasi kwa Shilingi 330,000: Uzoefu Wangu wa Tabata

Kwa miaka minne tangi langu la lita 200, lililoko sebuleni kwangu Tabata, Dar es Salaam, lilikuwa la samaki wa Ziwa Tanganyika, wale wadogo wa rangi ambao hupakiwa Kigoma na kusafirishwa hadi Ulaya. Mwezi Juni mwaka 2024 niliamua kubadilisha na kufuga diskasi, samaki bapa wa mviringo kama kisosi, ambaye asili yake ni mito ya bonde la Amazon na ambaye, pamoja na urembo wake wote, ni wa ukoo mmoja na sato. Naandika kuhusu gharama kwa sababu ndilo swali la kwanza la kila mgeni anayeketi mbele ya tangi, na kwa sababu bei niliyotajiwa dukani na fedha zilizotoka mfukoni ni mambo mawili tofauti.

Muuzaji wangu, mwenye duka la samaki wa mapambo upande wa Kinondoni, huagiza mzigo kutoka Thailand na Malaysia, nchi ambazo zimezalisha diskasi kwa muda mrefu kiasi kwamba samaki wanaouzwa madukani leo karibu wote wamezaliwa kwenye matangi, si mtoni. Alinipa bei tatu. Kifaranga wa sentimita tano aliyeshuka uwanja wa ndege siku hiyo hiyo alikuwa shilingi 55,000. Kifaranga wa ukubwa uleule aliyekwisha kukaa dukani wiki mbili na kuonekana anakula alikuwa 80,000. Na samaki wa sentimita tisa hadi kumi alikuwa 150,000. "Bosi, samaki ni yule yule," aliniambia kwa simu, "wa elfu themanini unamlipia kodi ya pango tu." Nilicheka, nikatuma pesa za vifaranga sita kwa bei ya chini, nikijihesabia kwamba nimeokoa shilingi 150,000. Sita ndiyo idadi ya chini ninayoweza kumshauri mtu, kwa kuwa diskasi ni samaki wa kundi, na wakiwa wawili au watatu mmoja hugeuka mbabe, akakaa kwenye kona ya chakula na kuwafukuza wenzake hadi wakonde.

Walifika jioni kwa bajaji, ndani ya boksi jeupe la povu gumu, kila mmoja katika mfuko wake uliojazwa oksijeni. Kwa upande wa ufungaji sina lawama hata kidogo. Kosa lilikuwa kwamba mifuko ilikuwa ile ile waliyosafiria kutoka Asia, na mimi sikulijua hilo. Nilifanya kama nilivyozoea kwa samaki walionunuliwa mjini: nikafungua mifuko, nikaiacha ielee ndani ya tangi, nikawa naongeza maji kikombe kimoja kimoja kwa muda wa saa nzima. Baadaye ndipo nilipoelewa kilichotokea. Samaki anayepumua ndani ya mfuko uliofungwa hutoa kaboni dioksidi, ambayo hushusha pH (kipimo cha uchachu wa maji), na pH ikiwa chini uchafu wake hubaki katika hali isiyo na madhara makubwa. Mfuko ukifunguliwa hewa ile hutoka, pH hupanda, na uchafu uleule hugeuka amonia inayounguza matamvua. Kwa hiyo ile saa nzima ya upole wangu ilikuwa saa ya kuwachoma. Mifuko ya safari ndefu hulinganishwa joto ikiwa bado imefungwa, kisha samaki hutolewa haraka kwa kinyavu na maji ya mfuko humwagwa. Mmoja wa sita, wa bluu mpauko, alilala ubavu saa nne usiku akipumua kwa kasi, na kabla ya adhuhuri ya kesho yake alikuwa amekufa.

Wa pili alikufa wiki ya tatu. Huyu alikuwa amekataa kula tangu mwanzo, akiingiza chakula mdomoni na kukitema, na choo chake kilikuwa uzi mweupe unaoning'inia, dalili inayojulikana sana kwa wafugaji wa diskasi ya vimelea vya utumbo. Vidonge vya metronidazole, dawa ya vimelea, kutoka duka la dawa viliwasaidia wengine waliokuwa bado wanakula, kwa kuwa niliweza kuwachanganyia kwenye chakula. Yeye asiyekula hakuwa na njia ya kuvipata vya kutosha. Hapo ndipo nilipoelewa kodi ya pango ilikuwa inalipia nini. Zile wiki mbili dukani ni muda ambao wanyonge hufa mikononi mwa muuzaji badala ya mikononi mwa mnunuzi. Nilirudi nikanunua wawili wa bei ya 80,000, baada ya kusimama mbele ya tangi lake na kuwaona kwa macho yangu wakigombea chakula. Shilingi 150,000 nilizookoa zikawa zimelipwa zote, na 10,000 juu yake, bila kuhesabu dawa.

Siwezi kusema nilidanganywa, maana bei zote tatu zilitajwa wazi na mimi ndiye niliyechagua. Ninachomlaumu muuzaji ni ukimya: mtu anayeuza samaki wa siku hiyo hiyo angepaswa kumwambia mnunuzi kwamba mfuko haujafunguliwa tangu Bangkok, na angepaswa kusema hivyo kabla ya kupokea pesa. Nilipomweleza, alikubali bila ubishi, akanipunguzia nauli ya bajaji ya safari ya pili. Fidia ya samaki waliokufa hakutoa, na wala hakuwa ameahidi.

Shemeji yangu, aliyekuja kutusalimu siku nilipokuwa nakatakata moyo wa ng'ombe jikoni kwa ajili ya chakula cha samaki, aliuliza samaki mmoja ni shilingi ngapi. Nilipomwambia alinyamaza kidogo, kisha akasema, "Shemeji, hiyo si kilo nne za sato? Na hawa hawaliwi?" Sikuwa na jibu la maana. Moyo wenyewe, hata hivyo, ndio sehemu ya nafuu zaidi katika shughuli hii yote: mmoja mzima niliununua buchani kwa shilingi 14,000, nikaondoa mafuta na mishipa yote, nikausaga pamoja na kamba na mchicha, nikaugandisha ukiwa bapa ndani ya mifuko, nao ulitosha kwa zaidi ya miezi miwili. Kifaranga anahitaji kula mara nne au tano kwa siku, na anayefanya kazi mbali na nyumbani lazima awe na mtu wa kumwachia kazi hiyo.

Chakula kingi hivyo huchafua maji, na hapo ndipo gharama ya kila siku ilipo. Nilikuwa nabadilisha lita 70 kila siku kwa miezi mitano. Maji ya bomba ya DAWASA, mamlaka ya maji ya jiji, yanayotoka mto Ruvu yanafaa. Kipimo changu cha chumvi kilisoma 140, wakati kisima cha jirani kilisoma zaidi ya 1,000, na maji ya namna hiyo yaliwafaa samaki wangu wa Tanganyika kuliko mgeni huyu wa Amazon. Maji ya bomba huyaacha kwenye pipa siku nzima yakiwa na pampu ya hewa ili klorini itoke. Bili iliongezeka kwa kiasi kisichofika shilingi 5,000 kwa mwezi, lakini wiki ambazo bomba lilikauka nilinunua madumu manne kwa siku, kila moja shilingi 500, na kwa siku tatu hivi mwuza maji alileta ya kisima akidai ni ya bomba. Kipimo ndicho kilichomuumbua.

Kuhusu umeme, Dar es Salaam inatupa upendeleo ambao wafugaji wa Ulaya hawana. Diskasi anataka nyuzi 28 hadi 30, na kuanzia Oktoba hadi Aprili tangi langu hufika hapo lenyewe, hita ikiwa imezimwa. Kuanzia Juni hadi Agosti hita ya wati 200 hufanya kazi takriban saa nane kwa siku, yaani uniti 1.6, ambazo kwa bei ya LUKU ya shilingi 356 kwa uniti ni kama 17,000 kwa mwezi. Umeme ulipokatika usiku mmoja wa Julai nililifunika tangi kwa mablanketi mawili na kuwasha pampu ya betri. Asubuhi maji yalikuwa nyuzi 26, na samaki walikuwa wamefifia rangi lakini hai.

Kwa anayetaka kununua wadogo, nimejifunza kutazama jicho kabla ya rangi. Kifaranga aliyedumaa ana jicho kubwa kupita kiasi kwenye mwili mdogo, kwa sababu jicho huendelea kukua wakati mwili umesimama, na hakuna chakula kitakachomrudisha. Rangi kali mno kwa samaki wa sentimita tano inanitia shaka, maana wapo wazalishaji wanaowapa homoni ili wang'ae dukani, kisha wanapauka nyumbani baada ya wiki chache.

Ninao mmoja wa hao wenye macho makubwa. Ni wa mzigo wa kwanza, ana sentimita saba wakati wenzake wamevuka kumi na mbili, nami sina moyo wa kumtoa. Wiki iliyopita muuzaji alinipigia kwamba mzigo mwingine unashuka Ijumaa na bei ni ile ile ya 55,000 kwangu kama mteja wa siku nyingi. Nilimwomba aniwekee watatu, akae nao wiki mbili, na nitalipa themanini.