Memtest86+ na RAM zangu nne zisizoelewana: uzoefu wangu

Kwenye shela la bibi harusi, dakika ya 14, kulikuwa na kiraka cha kijani kinacholingana na kifungo cha shati. Video nilikuwa nimeshaikabidhi. Mama mzazi wa bibi harusi akanipigia: "Baba, hiki cha kijani kichwani kwa mwanangu ni urembo mmemwekea?"

Nikafungua faili la kamera, safi. Nikarenda upya, yaani nikaiambia kompyuta itengeneze video ya mwisho tena, kiraka kikahamia dakika ya 31, juu ya keki. Hapo nikajua kamera haina kesi.

Wiki moja nyuma nilikuwa nimeongeza RAM, kumbukumbu ya muda ambayo kompyuta hufanyia kazi. Mashine nimeiunga mwenyewe: prosesa Ryzen 5 2600, mazabodi ya B450, na RAM mbili za DDR4 (kizazi cha nne cha RAM hizi) za GB 8 zenye spidi 3200, zimekaa kwa amani miaka yote. Ila kuhariri video za 4K kwa GB 16 ni kusukuma mkokoteni mchangani. Nikaenda Kariakoo, nikatoka na nyingine mbili za GB 8, kampuni tofauti, lebo ileile ya 3200, laki na ishirini. Niliuliza kama zitaelewana na zangu. "Bosi wangu, RAM ni RAM. Ilimradi DDR4, chomeka twende kazi."

Nisimsingizie, nusu ya maneno yake ni kweli. DDR3 isingeingia hata kwa nyundo, pengo lake liko mahali pengine. Na ukichanganya spidi, kwa kawaida mazabodi huzishusha zote zifuate ile ya polepole. Nusu iliyobaki ndiyo iliyonila siku sita.

Dalili zilikuja kwa kudonoa. Faili la zip linagoma kufunguka, ukilikopi tena linafunguka. Kivinjari kinajifunga chenyewe. Skrini ya bluu yenye neno MEMORY_MANAGEMENT niliiona mara moja tu. Kipimo cha RAM kilichomo ndani ya Windows yenyewe kilizunguka, kikaniambia hakuna tatizo. Fundi wa mtaani kwetu akasugua meno ya RAM kwa kifutio cha penseli, akapuliza, akachukua elfu kumi yake. Si uchawi, uchafu kwenye meno huleta shida kweli, lakini wangu haukuwa ugonjwa huo. Jioni ileile kiraka kikarudi.

Ndipo nikashusha Memtest86+, programu ya kupima RAM. Ni ya bure, msimbo wake uko wazi kwa yeyote, na ni ndogo kiasi kwamba bando halishtuki. Unaiandika kwenye flashi, unawasha mashine kupitia flashi hiyo, inaamka yenyewe bila Windows. Faida yake ni hiyo hasa, kwa sababu Windows ikiwa imewaka, sehemu ya RAM inakaliwa na Windows yenyewe na huwezi kuipima. Chukua toleo la 6 au la juu yake kama mashine yako ni ya UEFI (mfumo wa kuwashia mashine uliochukua nafasi ya BIOS ya zamani), ya nyuma yatakusumbua kuamka.

Majaribio ya mwanzo yalipita kimya, nikaanza kujilaumu kwa kumshuku muuzaji. Lilipofika jaribio la 7, lile la kuhamisha mafungu ya data kutoka sehemu moja ya RAM kwenda nyingine, makosa yakaanza kushuka mstari kwa mstari. Kwenye RAM hakuna kosa dogo. Biti moja ikigeuka, unaweza kupata kiraka kwenye keki, au faili la mteja lisilofunguka tena.

Nikazima, nikachomoa zote, nikaanza kupima moja moja kwenye tundu lilelile, la pili kutoka kwenye prosesa. Usiku wa pili umeme ukakatika raundi ya tatu, nikaanza upya. Za zamani: safi, safi. Mpya: safi, safi. Nikazipima mbilimbili, wenyewe kwa wenyewe: safi. Nikarudisha zote nne: makosa. Nilikuwa nimeshavaa viatu kwenda kugombana dukani, nikavivua.

Ilivyo ni hivi. Kidhibiti cha RAM kimo ndani ya prosesa, na kiwango rasmi cha Ryzen 5 2600 ni 2933, tena kwa RAM mbili. Hiyo 3200 niliipata kwa kuwasha XMP, mpangilio wa spidi uliohifadhiwa ndani ya RAM, kwenye BIOS, yaani menyu ya mipangilio ya mazabodi (bodi nyingine huiita DOCP), ambayo hupandisha spidi na kuweka volti 1.35 badala ya 1.2. Zikiwa mbili, prosesa ilivumilia. Zikawa nne, tena mbili hazikuzoea mwendo wa wenzao, ikaelemewa. Lebo inakuonyesha spidi kubwa kwa maandishi makubwa, lakini CL na zile namba tatu zinazofuata, zinazoeleza RAM inasubiri mizunguko mingapi kati ya hatua zake, hakuna anayekutajia. Zangu ni 16-18-18-38, mpya ni 16-20-20-38. Tofauti ndogo, ila ipo.

Nikazima XMP, zote zikashuka mpaka 2133, raundi nne bila kosa. Nikapandisha kwa mkono hadi 2933, jaribio la 7 likaumbua tena. 2666, volti 1.35 ileile, usiku kucha: neno PASS asubuhi, nikanywa chai nikiwa nimelikodolea macho.

Kurenda sikuona tofauti ya maana kati ya 3200 na 2666. Tofauti kubwa imeletwa na GB 32, mradi uliokuwa ukikwama kwenye rangi sasa unateleza.

Kwa Memtest86+ natoa nne kwa tano. Naipunguzia moja kwa sababu inakupa anwani ya kosa bila kukuambia ni RAM ipi, hivyo kuchomoa na kuchomeka ni juu yako, na lugha yake ni Kiingereza cha mafundi. RAM mpya nazipa tatu, kosa halikuwa lao. Mwenye uwezo anunue pakiti moja ya RAM mbili za GB 16 zilizouzwa pamoja, auze za zamani.

Juu ya kasha la mashine nimeandika 2666 kwa maka peni, fundi mwingine asije akaniwashia XMP kwa kunifanyia hisani.