Kadi ya LAN kwenye ThinkPad 600E: uzoefu wangu

Baba mdogo aliniachia laptop ya ThinkPad 600E, Pentium II yenye Windows 98. Msiicheke. Ghalani kwetu Kibaigwa ina kazi yake: ina tundu la paralelo, lile pana la printa za zamani, na printa yetu ni Epson LX-300, ile ya kelele inayopiga hati za mzigo kwa nakala za kaboni. Tatizo lilikuwa kupata mafaili kutoka kompyuta ya chumba cha pili. Flashi Windows 98 haiitambui bila draiva yake.

Nilianza na modemu ya USB. Muuzaji pale Dodoma mjini aliniapia, "Kaka, hii inaingia laptop yoyote." Kuingia iliingia kweli. Ikawaka taa, basi. Programu yake ilitaka Windows XP kwenda juu. Hela hiyo ikaenda.

Halafu nikaokota kadi ya waifai ya zamani, ya PCMCIA (zile za kuchomeka ubavuni mwa laptop), 802.11b, waifai ya kizazi cha mwanzo. Hii ilisoma vizuri, ikauona mtandao wetu, lakini haikujua ulinzi mwingine zaidi ya WEP, ule wa kizamani, na ruta yetu iko WPA2, ulio imara zaidi. Fundi akasema tuishushe ruta iwe ya WEP. Nikakataa, WEP huvunjwa kwa dakika chache, na mtandao huohuo ndio wenye hesabu za mahindi ya watu.

Kilichonitoa ni kadi ya LAN, yaani ya mtandao wa waya, ya aina ya CardBus (PCMCIA ya biti 32), yenye chipu ya Realtek RTL8139, kutoka kwa fundi wa vifaa chakavu, shilingi 15,000. Ulinzi ni kazi ya ruta, laptop inapata waya tu. Draiva niliichoma kwenye CD, nikawasha upya, ikashika. Sasa navuta mafaili kwa FTP, njia ya kuhamisha mafaili mtandaoni.

Ukienda kununua, tazama kichwa cha kadi: CardBus ina ukanda wa rangi ya dhahabu wenye vinundu, na haiingii kwenye laptop za kale zaidi zenye tundu la biti 16 pekee. Usiichukue bila kile kipande cha waya cha kuchomekea kebo, maana vya kampuni tofauti haviingiliani. Na kama lengo ni kuperuzi, achana nayo: brauza ya enzi hizo inagomea kurasa nyingi za leo.

Kasoro ninayoishi nayo ni kipande hichohicho. Kinalegea, na vumbi la mahindi halisaidii. Nimekifunga kwa mpira wa tyubu ya baiskeli.