Mipira ya gari ya kwenda kazini na kwenda shamba: ipi ununue Unguja na Pemba

Mvua ya kwanza ya masika ilinikuta Tunguu, nimo ndani ya Noah niliyoitoa bandarini wiki tatu kabla. Daladala ya mbele ikasimama kupakia, nikakanyaga breki, gari ikaendelea na safari zake kama haijanisikia. Nikaitupa pembeni kwenye majani, alhamdulillahi sikumgusa mtu. Nikateremka kutazama mipira: kashata, yaani yale meno ya usoni mwa mpira, nene, haina hata mkwaruzo, ya Kijapani tena. Nikaona tatizo ni breki. Jioni fundi pancha wa mtaani kwetu alichutama, akapitisha kidole ubavuni mwa mpira, akacheka.

"Bwana, hii mipira ya barafu. Soma hapa."

Imeandikwa STUDLESS, herufi kubwa. Nilikuwa naipita kila siku.

Kwa hiyo orodha hii naianzia mkiani, kwa sababu huko ndiko wengi wetu tunakoanzia bila kujua. Gari zetu nyingi zinatoka Japani zikiwa zimetumika, na kule watu wana seti mbili, ya joto na ya theluji. Gari ikiuzwa wakati wa baridi inakuja na ile iliyovaa. Mpira wa theluji umetengenezwa kwa ulaini ili usikakamae joto linaposhuka chini ya nyuzi 7 hivi. Kashata zake zimejaa mikato myembamba kama imepitishwa wembe. Kwenye lami yetu ya jua kali ulaini ule unageuka ulegevu: mpira unalika haraka, na ukifunga breki kwenye maji zile kashata zinajikunja badala ya kushika. Ukiona STUDLESS, au jina kama Blizzak, iceGUARD au Winter Maxx, au alama ya kilima chenye chembe ya theluji, na mpira wenyewe ni wa Kijapani wenye mikato ile ya wembe, usiulize kashata imebaki kiasi gani. Hata ukipewa bure, muachie mwenyewe.

Juu yake kidogo tu naweka mtumba wa kawaida, ule unaopangwa barazani umepakwa dawa nyeusi uking'aa kama viatu vya Idi. Siukatai kabisa. Wapo waliobahatika. Lakini dawa ile inaficha nyufa, na nyufa ndizo unazozitafuta. Ukunje ubavu kwa vidole gumba viwili mbele ya taa ya simu. Ukiona vistari kama vya udongo uliokauka, mpira umezeeka hata kama kashata ni ndefu. Ingiza na mkono ndani, upapase. Kiraka cha ndani ya ubavu, si cha usoni, maana yake mtu mwingine keshakimbia na tatizo lake akakuachia wewe.

Umri wa mpira haufichiki kwa anayejua kusoma. Tafuta neno DOT, lifuate mpaka mwisho, utakuta tarakimu nne ndani ya kijiduara kirefu. 2319 ni wiki ya 23 ya mwaka 2019. Upande mmoja wa mpira mara nyingi hauna tarakimu hizo, basi mwambie muuzaji augeuze. Mimi zaidi ya miaka mitano sinunui, mpya wala mtumba, maana "mpya" inaweza kuwa imekaa stoo miaka minne na joto letu hili.

Nafasi ya tatu nawapa vijana wa Subaru, na najua watanikasirikia. Mipira ya kasi, mfano Michelin Pilot Sport au Potenza za Bridgestone, ni mipira mizuri mno. Kwa hali ya hewa yetu ina faida ambayo Ulaya hawana: inaitwa ya kiangazi, na sisi mwaka mzima ni kiangazi tu, hata ikinyesha. Inashika lami, inasimama upesi, usukani unakuitikia. Shida ni ubavu. Saizi kama 225/45R17 maana yake upana ni milimita 225 na kimo cha ubavu ni asilimia 45 ya hapo, yaani sentimita kumi tu baina ya ringi yako na shimo. Ukitoka Paje usiku ukakutana na tuta lisilopakwa rangi, ringi ndiyo itakayolipa.

Na ile ya mashindano kabisa, kama Potenza RE-71RS, ubavuni imeandikwa TREADWEAR 200. Namba hiyo inapima ulikaji: kadiri inavyokuwa ndogo ndivyo mpira unavyokwisha haraka, na ile ya safari za kawaida mara nyingi huwa na namba kubwa zaidi ya hapo. Mpira wa 200 unataka upate moto kwanza ndipo ushike sawasawa, na moto huo unaupata kwenye mizunguko ya kiwanja cha mbio, si kwenye foleni ya Mwanakwerekwe. Kama unavusha gari kwenda kushindana bara, nunua seti ya pili ya ringi, ifungie mipira hiyo huko huko, ukirudi uvue. Mpira mmoja wa kufanya kazi zote mbili vizuri haupo. Anayekuambia upo anauza.

Ya pili ni mipira ya A/T, yaani All-Terrain, ya njia za kila namna, yenye kashata kubwa kubwa zilizoachana, kama Geolandar A/T ya Yokohama au All-Terrain ya BFGoodrich. Mtu wa Pemba anaweza kuipandisha ya kwanza na nisibishane naye. Udongo wa mabonde yale wakati wa masika unateleza kama bamia, na mwenye shamba la mikarafuu anapanda kilima na magunia nyuma. Huku Unguja adui ni mwengine: uwanda wa kusini na mashariki, ambako njia imechongwa juu ya jiwe la matumbawe na jiwe lenyewe lina makali. Hilo halikutoboi usoni, linakukata ubavu, na ubavu hauzibwi. Baadhi ya A/T zina ubavu mnene kwa ajili ya balaa kama hilo. Ila lipia ukijua: mjini zinavuma, zinakula mafuta zaidi, na kwenye lami iliyolowa zinachelewa kusimama kuliko mpira wa barabara. Kwa Escudo, RAV4 au Prado inayoingia shamba zaidi ya mara mbili kwa wiki, sawa. Kwa Vitz ya kumpeleka mtoto skuli, ni kujitesa.

Ya kwanza, basi, ni kitu kisicho na mbwembwe: mpira mpya wa safari, saizi ile ile aliyoiweka mtengenezaji wa gari, kashata yenye mifereji mipana minne ya kupitisha maji. Turanza, Primacy, BluEarth, za namna hiyo. Mfuko ukiwa mwembamba, mpya wa Kichina wenye tarehe ya karibuni naupendelea kuliko jina kubwa lililozeeka, mradi usome mambo mawili. La kwanza ni TRACTION, inayopima breki kwenye maji: AA au A chukua, B fikiria, C acha. La pili ni namba inayofuata saizi. Noah yangu inavaa 195/65R15 91S: hiyo 91 maana yake kila mpira unabeba mpaka kilo 615. Ukiuziwa wa namba ya chini ukapakia wageni saba na mabegi yao mpaka Nungwi, mpira unapata moto, na mpira wa moto hupasuka. Herufi ya mwisho ni kasi, S ni kilomita 180 kwa saa. Hiyo isikushughulishe, barabara ya kuitumia hatuna.

Njia ya shamba naipitaje na mpira huo? Taratibu, na upepo sahihi. Kibandiko kiko kwenye nguzo ya mlango wa dereva, kwa Kijapani, lakini tarakimu zinasomeka: kPa 230 ni 33 za mashine ya fundi wetu. Pima asubuhi kabla hujatembea. Wengi wanajaza mpaka 40 "ili usiingie pancha", matokeo yake mpira unakuwa mgumu kama nazi na unakanyagia katikati tu. Kashata ikibaki milimita 1.6 inalingana na vile vijituta vilivyomo ndani ya mifereji, hapo umekwisha. Mimi nabadilisha kwenye 3, kwa sababu ya Tunguu.

Siku ya kufunga, mwambie fundi asugue kutu kwenye ukingo wa ringi kabla ya kupandisha. Chumvi yetu haina huruma, na ile "pancha" isiyoonekana, unajaza Ijumaa na Jumatatu mpira umelala, mara nyingi ni upepo unaotoroka kwenye kutu. Valvu nazo mpya.

Kama una pesa ya mipira miwili tu, ile mipya ifungwe nyuma, hata kama gari inavutwa na miguu ya mbele. Mbele ikiteleza unapunguza mwendo, gari inarudi. Nyuma ikiteleza gari inageuka na wewe ndani. Fundi atakubishia, wangu alibisha mpaka akaita na wenzake wawili waje kushuhudia. Nikamwambia, "Funga nyuma, shekhe, fedha yangu." Akafunga, huku anatikisa kichwa.